Vua Hiyo Tai, Unatuaibisha



Mwaka 2024 mume na mke mmoja kutoka upande wa Molo walitimiza miaka 30 ya ndoa. Ni wakulima wa viazi na pareto, watu wa jumuiya, wasiokosa Misa. Kijana wao mkubwa hufanya kazi ya kuhudumia mezani katika meli za kitalii, zile kubwa mno ambazo wenye fedha huzunguka nazo bahari kwa starehe. Alikuwa nyumbani kwa likizo baada ya mkataba wake kwisha, akaona vema awapeleke wazazi wake mjini Nakuru wale chakula cha jioni mahali pa heshima. Akachagua kilabu kimoja cha zamani ambacho rafiki yake ni mwanachama.

Mzee alitoa sandukuni suti nyeusi ya harusi yake. Ilikuwa imepanuliwa kiunoni mara 2, lakini ilikuwa safi na imepigwa pasi. Akafunga tai. Mama akavaa kitenge kilichoshonwa vizuri na kilemba chake. Kijana yeye alivaa fulana yenye kola na raba nyeupe. Walipoingia ukumbini, wakakuta watu wamekaa na suruali fupi, fulana na ndara za ngozi. Hapakuwa na tai nyingine ukumbini humo ila zile za wahudumu. Basi bwana mmoja wa meza ya jirani, bila ubaya wowote, akamwonyesha mzee kidole na kumwomba amletee maji baridi.

Mzee alinyamaza. Kijana akacheka kidogo, kama vijana wanavyocheka wakiona haya. Mama akamwinamia mumewe na kumwambia kwa sauti ya chini, "Vua hiyo tai, unatuaibisha."

Hakuivua. Alikula kimya, wakarudi Molo kimya, na kwa wiki mbili zilizofuata hawakuzungumza ila mambo ya ng'ombe. Ndipo mama akanijia mimi katekista wao, akaniuliza: "Mwalimu, je, nilikosa? Si ni kweli kwamba siku hizi hakuna anayevaa hivyo?"

Mpendwa msomaji, swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Mama alisema kweli: siku hizi hakuna anayevaa hivyo pale. Lakini ukweli huo ulitosha kumpa ruhusa ya kusema alichosema? Hebu kwanza tutazame desturi yenyewe ilitoka wapi na imekwenda wapi, maana wengi wetu tunagombana juu ya mavazi bila kujua tunagombania nini.

Zamani, kabla ya ndege kuchukua abiria wote, walowezi waliokuja Bonde la Ufa walifika Kilindini kwa meli, kisha wakapanda garimoshi hadi Nakuru. Katika meli zile, za Union-Castle na za British India, abiria wa daraja la kwanza hawakukaa mezani jioni na nguo za mchana. Mabwana walivaa koti jeusi na tai ya kipepeo, mabibi wakavaa gauni refu. Waliposhuka, walishuka na desturi yao. Wakaipeleka Njoro, Naivasha na Molo, wakaiweka katika vilabu vyao. Na Waafrika waliowaandalia meza wakapewa vazi lao pia: kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni, na tarbushi kichwani. Kwa hiyo kila aliyeingia katika chumba kile alivaa kwa amri, bwana na mtumishi. Tofauti ni kwamba bwana aliitunga amri hiyo mwenyewe.

Wengine walikuwa na masharti makali kuliko ya mavazi. Mkitoka Molo kwa njia ya Elburgon na Njoro, mnapita si mbali na kasri la Bwana Maurice Egerton, lililoanza kujengwa mwaka 1938 na kumalizika mwaka 1954. Huyo aliwakataza wanawake kabisa wasikanyage kwake, hata wangevaa hariri ya namna gani. Alifariki mwaka 1958 bila kuoa. Leo maharusi wa Nakuru huenda huko kupiga picha, bibi arusi na shela lake linaburuta kwenye ngazi zilezile. Mwenyezi Mungu ana namna yake ya kuchekesha.

Sasa kijana wetu anasimulia kwamba hata huko baharini mambo yamegeuka. Kampuni ya Norwegian ilianza mwaka 2000 kuwaachia abiria wake wale wanapotaka, na wavae wanavyopenda bila jioni za lazima. Mwaka 2015 kampuni ya Celebrity nayo ikaziondoa jioni rasmi, ikabaki kuomba tu watu wawe nadhifu. Cunard ya Waingereza ingali na usiku wake wa kuvaa suti nyeusi na gauni, lakini asiyetaka kuvaa hivyo anazo sehemu nyingine za kula melini. Kwa nini wamelegeza? Msidhani ni kwa unyenyekevu, na msidhani ni kwa uasherati. Ni biashara. Abiria wanaofika bandarini kwa ndege hulipia uzito wa mizigo, na suti na viatu vyake ni kilo kadhaa. Vijana wenye fedha hawataki likizo inayofanana na ofisi. Mwenye meli akaona kwamba masharti yanamfukuzia wateja, akayaondoa.

Lakini kijana aliongeza neno moja lililonifanya nifikiri sana. Alisema: "Mwalimu, wamewaondolea wageni. Sisi bado tunafunga tai." Yaani aliyekaa amelegezewa, na anayesimama kumwandalia bado yuko ndani ya sare. Ndiyo maana mzee wa Molo akaonekana mtumishi. Miaka 50 iliyopita tai ilimtambulisha mgeni. Siku hizi, katika ukumbi kama ule, inamtambulisha anayebeba sinia.

Hapa nina maoni ambayo pengine hamtayapenda. Sisi watu wa kipato kidogo tunashangilia masharti yakilegezwa, tukidhani mlango umefunguliwa kwetu. Mimi sina hakika. Sharti la suti lilikuwa gumu lakini lilieleweka. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na suti moja tu nyeusi, hata ya mitumba, alipoifunga vifungo alikuwa amemaliza deni lake. Hakuna aliyeweza kumwambia amepungukiwa. Suti yake na ya meneja wa benki zilifanana ukizitazama kwa mbali. Leo kadi ya mwaliko inasema tu uje nadhifu bila kuwa rasmi. Maana yake ni nini? Tajiri anajua. Anavaa raba zinazogharimu mshahara wa mwezi wa mwalimu yule, na saa ambayo wenziwe wanaitambua. Maskini anabaki kubahatisha. Akivaa suti, amezidisha. Akivaa raba zake, amepunguza. Sharti halikuondoka. Limejificha tu, na sharti lililojificha linamwumiza zaidi asiyezaliwa nalo.

Lakini haki ni haki, na upande wa pili nao lazima usemwe. Sharti lililoandikwa nalo limewafukuza watu wema. Mwaka 2003 mbunge wa Subukia, hapahapa kwetu, Koigi wa Wamwere, alitolewa bungeni kwa kuja na nguo za Kiafrika badala ya suti na tai. Mtu aliyechaguliwa na wananchi wake, anatolewa katika bunge la nchi yake huru, kwa sababu hakuvaa kama mtu wa London! Mnamo Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula akapiga marufuku suti za Kaunda bungeni, wakati Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akizivaa hadharani karibu kila wiki. Kwa hiyo msiniambie kwamba kanuni za zamani zilikuwa za usawa mtupu. Zilimsawazisha yule aliyekubali kwanza kuvua kilicho chake.

Na Mama Kanisa je? Msidhani kwamba yeye habadiliki katika mambo haya. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 1262, iliagiza wanaume wawe kichwa wazi kanisani na wanawake wafunike vichwa, hasa wanapokaribia Meza ya Bwana. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikuirudia amri hiyo. Wapo akina mama wazee katika parokia zetu ambao hadi leo hawawezi kuingia kanisani bila leso kichwani, na wapo mabinti zao wanaokuja na nywele zilizosukwa vizuri bila kitambaa. Je, binti anamheshimu Mungu kidogo kuliko mama yake? La hasha. Katekisimu ya Kanisa inafundisha kwamba namna za kuonyesha staha hutofautiana kutoka utamaduni hadi utamaduni, ingawa staha yenyewe hubaki. Papa Pius wa 12, alipozungumza mwaka 1957 na wabunifu wa mitindo, alitaja kazi tatu za vazi: kulinda afya, kulinda heshima ya mwili, na kupamba. Hakuona aibu kutaja mapambo. Wako waume wanaodhani kupendeza ni dhambi ya wanawake. Wamsome Papa huyo.

Mimi ningethubutu kuongeza kazi ya nne, niliyojifunza kwa kuishi: vazi ni salamu. Kabla hujafungua kinywa, nguo zako zimekwisha kumwamkia mwenyeji wako. Ukienda matangani na nguo ya kumetameta, umewasalimu wafiwa vibaya. Ukienda harusini na gumbuti zenye tope la shamba, hali una viatu nyumbani, umemwambia bwana arusi kwamba siku yake kwako ni kama siku ya kunyunyizia viazi dawa. Ndivyo ninavyousoma mfano wa Bwana wetu juu ya mtu aliyeingia katika karamu ya arusi bila vazi la arusi. Wageni wale walikuwa wameokotwa njiani, wema kwa wabaya, kwa hiyo umaskini haukuwa kosa. Aliulizwa kwa nini, naye hakuwa na la kusema. Nami naamini kwamba angekuwa na sababu, mfalme angeisikiliza.

Na salamu ina pande mbili. Mwenyeji anayetaka uje na kitu usichokuwa nacho ana wajibu wa kukusaidia. Hata vilabu vingine vya zamani, pamoja na majivuno yao, viliweka koti na tai mlangoni za kuazima ili mgeni asirudishwe. Asiyefanya hata hivyo, anatenda lile ambalo Mtakatifu Yakobo analikemea katika sura ya pili ya waraka wake, kumkalisha mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na maskini chini miguuni. Nawaambia hili kwa sababu sisi nasi tunalifanya. Kamati za harusi zinapanga rangi ya kitambaa, na kila shangazi lazima anunue. Najua mama aliyekopa kwenye chama shilingi 4,000 kushona gauni la harusi ya binti wa jirani, na karo ya mwanawe ikangoja. Mumewe aligundua deni hilo baada ya miezi 3. Ugomvi uliotokea haukuwa wa nguo tena. Ulikuwa juu ya siri.

Basi sasa turudi nyumbani, maana ukurasa huu ni wa ndoa. Zamani kadi ya mwaliko iliwaamulia: koti, tai, gauni. Mume na mke hawakuwa na la kujadili. Sasa masharti yamelegezwa, na uamuzi umehama kutoka mlangoni kwa mwenyeji ukaja chumbani kwenu. Hapo ndipo mambo mengi yanafunuka. Mume anagundua kwamba mkewe anataka aonekane kama waume wa wenzake wa ofisini. Mke anagundua kwamba mumewe anataka avae kama mama yake alivyovaa mwaka 1975. Hakuna sheria ya nje ya kulaumiwa. Kila neno la nguo linakuwa neno juu ya mtu mwenyewe.

Kwa waume nina neno fupi na kali. Wapo kati yetu wanaotumia staha kama kamba ya kumfungia mke. Suruali hapana, sketi hii hapana, rangi hii ya nini. Lakini wao wenyewe hutoka na shati lililofunguliwa hadi tumboni. Tusisahau kwamba mwaka 2014 wanawake walivuliwa nguo hadharani katika vituo vya matatu na wanaume waliodai kutetea maadili. Akina mama waliandamana Nairobi mwezi Novemba, na kabla ya mwaka kwisha sheria ikawekwa ya kifungo kisichopungua miaka 10 kwa anayemvua mwenzake nguo kwa nguvu. Watu wale walijifunza wapi kwamba mwili wa mwanamke ni mali ya kila mwanamume kuukagua? Wengine, nahofia, walijifunza sebuleni kwa baba yao. Mwambie mkeo unachopenda. Mwulize anachopenda. Kisha umwache avae, maana ni mtu mzima aliyebatizwa kama wewe.

Kwa wake neno langu ni refu kidogo, kwa sababu ya yule mama wa Molo.

Nilimjibu kwamba juu ya tai hakukosa, lakini kosa lipo. Kama angesema nyumbani, kabla ya kutoka, "Baba, huko siku hizi hawavai tai, unaonaje?", hilo lingekuwa msaada wa mwenzi. Mume angechagua. Lakini alilisema mbele ya mwana wao, wakati ambapo mgeni asiyejulikana alikuwa amekwisha kumfanya mumewe mtumishi. Katika nukta ile, mzee alikuwa na mtu mmoja tu ukumbini wa kusimama upande wake. Naye akasimama upande wa ukumbi. Neno lililouma halikuwa "tai". Lilikuwa "unatuaibisha", kwa maana ndani yake mlikuwa na "sisi" ambayo mzee hakuwamo.

Mama alilia. Akasema hakukusudia. Namwamini. Kuona haya ni kitu kinachoruka haraka kama cheche, na kila mmoja wetu amewahi kumwonea haya mwenzi wake: namna anavyocheka, namna anavyokula, Kiingereza chake kilichovunjika. Kuona haya kwenyewe si dhambi. Lakini siku ile ya harusi tulipoahidi kuheshimiana siku zote za maisha, hatukusema isipokuwa tukiwa mbele ya watu wenye raba nyeupe.

Nikamwomba aje na mumewe. Walikuja Jumapili baada ya Misa ya pili, tukaketi nyuma ya kanisa kwenye viti vya plastiki. Mzee hakutaka kusema. Nilimwuliza tu: "Mzee, kwa nini hukuivua?" Alikaa sana akitazama viatu vyake. Halafu akasema jambo ambalo mkewe hakuwahi kulisikia katika miaka yote 30.

Mwaka 2001 mnunuzi mmoja wa viazi alimwalika kilabuni kulekule wamalize hesabu wakiwa wanakula. Alikwenda na shati safi na sweta. Askari wa mlangoni akamwambia hakuna kuingia bila koti na tai, na hakuna za kuazima. Mnunuzi alikuwa ndani na hakuitwa. Mzee akangoja barabarani karibu saa nzima, kisha akapanda matatu kurudi. Nyumbani alisema mnunuzi hakutokea. Siku ya soko iliyofuata alinunua tai kwa muuza mitumba, akaiweka sandukuni chini ya suti, akingoja siku atakayoalikwa tena. Ikapita miaka 23.

"Siku kijana alipotaja jina la mahali," alisema, "nilijua ndiyo siku yake. Nilitaka mama watoto aingie pale na mtu ambaye hawezi kurudishwa mlangoni."

Mke wake alimgeukia. "Baba, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kwamba mumeo aliachwa barabarani kama mbwa?"

Sikuwa na fundisho la kuongeza, nikanyamaza. Mama alivuta kiti chake karibu, akamwuliza tai hiyo iko wapi sasa. Mzee akasema aliitupa ndani ya sanduku usiku ule waliporudi, na huenda imekunjamana. Mama akasema pasi ya makaa ipo. Halafu wakaanza kubishana, kwa sauti ya kawaida sasa, kama inafaa kuivaa wakienda hija Subukia kwa siku ya kitaifa ya maombi mwezi wa Oktoba, maana mzee alisema huko kuna vumbi jingi na kupanda mlima, na mama akasema vumbi linafutika.